Kabati la vifaa vya tiba ya usemi Kigoma: tulivyovitupa na tulivyobaki navyo

Sanduku la kwanza la vifaa lilifika stesheni ya Kigoma kwa treni ya reli ya kati, limefungwa kamba za nailoni, zito kama gunia la mihogo. Ndani mlikuwa na kadi 200 za picha, filimbi, puto, mirija ya kunywea, kioo kidogo, na rundo la fomu za kupima matamshi, zote za Kiingereza. Tulifurahi kama watoto. Siku ya pili mtoto wa miaka 4 kutoka Kibirizi alionyeshwa picha ya theluji, akanyamaza. Akaonyeshwa mashine ya kubanikia mkate, akasema "redio". Akaonyeshwa sandwichi, akasema "sponji". Tukamwandikia sifuri tatu, na kwenye faili tukaandika kwamba msamiati wake ni hafifu. Mtoto yule alikuwa anawatofautisha samaki wa ziwani, mgebuka na kuhe, kwa mbali, na anajua kila kipande cha mtumbwi wa babu yake kinaitwaje.

Haya yanaandikwa kwa walimu wa elimu maalumu, wauguzi na wataalamu wa tiba kwa vitendo ambao kazi ya tiba ya usemi imewaangukia bila wao kuisomea. Ndivyo ilivyotuangukia sisi: chumba kimoja, watu watatu, kabati moja. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyeitaka fani hii ilibidi atoke nje ya nchi. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada yake mwaka 2008, na hapa nyumbani MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ina shahada inayounganisha usikivu na tiba ya usemi. Lakini mama aliyebeba mtoto mgongoni kutoka Buhigwe hasubiri mhitimu apangiwe kituo. Anataka kujua leo.

Tulichelewa kugundua kwamba tatizo la sanduku lile halikuwa picha peke yake. Fomu za matamshi zilikuwa na safu tatu kwa kila sauti: mwanzo wa neno, katikati, mwisho. Kwa Kiswahili safu ya tatu hubaki tupu, kwa sababu maneno yetu huishia na irabu, ukiacha yale ya kukopa ambayo hayajakaa sawa. Kwa hiyo theluthi nzima ya fomu ilikuwa inapima kitu kisichokuwepo, na wakati huohuo haikuwa na mahali pa mb, nd, nj, ng wala ng', sauti ambazo mtoto wa Kiswahili anazitumia tangu anapoamka hadi anapolala. Fomu ilianza na maneno mepesi ya silabi moja. Sisi maneno ya namna hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Mtoto ambaye mdomo wake unashindwa kupanga sauti aanzishiwe maneno ya silabi inayojirudia: baba, dada, kaka, bibi, pipi, nini. Baadaye ndipo silabi mbili tofauti, kama paka na meza, kisha tatu.

Kuhesabu maneno ndiko kulikotuvuruga zaidi. Maelekezo yalisema mtoto wa miaka 2 anapaswa kuunganisha maneno mawili. Mama akatuambia mwanawe husema "sitaki" na "nimemwona", tukaandika: neno moja, neno moja. Lakini "nimemwona" ina vipande vinne ndani yake: ni, me, mw, ona. Mtoto anayevipanga hivyo bila kukosea hana neno moja, ana sentensi. Tangu hapo tunahesabu vipande, na tunasikiliza upatanisho wa kisarufi. Mtoto wa miaka 5 anayesema "kitabu yangu" na "watoto inalia" nyumbani ambako wakubwa husema "kitabu changu", huyo anastahili kuangaliwa kwa makini. Kama nyumba nzima husema "kitabu yangu", mtoto amejifunza vizuri alichofundishwa.

Hapo tunaingia kwenye kosa lililotugharimu karibu mwaka mzima: kutibu kisicho ugonjwa. Nusu ya watoto tuliowaandikisha awamu ya kwanza waliletwa na walimu kwa sababu ya l na r. Kiha hakizitenganishi sauti hizi mbili kama Kiswahili kinavyozitenganisha, na Kinyamwezi cha jirani zetu wa Tabora nacho kina mchanganyiko wake. Mtoto anayesema "mahali" badala ya "mahari" anaweza kumchekesha mshenga, lakini ulimi wake ni mzima. Vivyo hivyo "zambi" kwa dhambi, "samani" kwa thamani, na "mazi" kwa maji, neno ambalo bibi yake hulitamka "amazi" kila siku. Swali la kuuliza ni moja tu: je, watu wa nyumbani kwake na wa rika lake wanatamka vipi? Akitamka kama wao, mrudishe shule na umwandikie mwalimu barua fupi ya kueleza.

Kipimo kilichotuokoa hapa hakiuzwi. Kinaitwa Intelligibility in Context Scale, kilitungwa mwaka 2012 na mtafiti Sharynne McLeod na wenzake huko Australia, kina maswali 7 tu, na anayejibu ni mzazi. Je, wewe unamwelewa mtoto? Ndugu wa nyumbani? Ndugu wa ukoo? Rafiki zake? Watu wanaomfahamu kidogo? Walimu? Wageni kabisa? Kila jibu hupewa alama kuanzia 5, yaani daima, hadi 1, yaani kamwe. Jumlisha, gawanya kwa 7. Dakika tano zinatosha, na mtu asiyejua kusoma anaweza kusomewa. Uzuri wake ni kwamba hakijali l wala r, kinauliza kama mtoto anaeleweka. Mwenye 4.6 hatumwandikishi hata kama mwalimu amenuna. Mwenye 2.9 anaingia wiki hiyohiyo. Angalizo moja: akina mama wengi hujipa 5 swali la kwanza kwa aibu, kana kwamba wanajipima malezi. Mwanzishie swali la wageni, ndipo urudi kwa mama.

Masikio. Hili lingepaswa kuwa la kwanza, na kwetu lilikuja la nne. Kulikuwa na mtoto tuliyemfanyisha mazoezi ya kadi miezi sita, yeye akitazama midomo yetu kwa bidii ya kutia huruma, na sikio moja likinuka usaha. Tulidhani usaha ni wa kliniki nyingine. Mtoto asiyesikia s na f hawezi kuzitamka, maana ni sauti hafifu, za kwanza kupotea usikivu ukipungua. Sasa hakuna anayeguswa kwa kadi kabla masikio hayajaangaliwa. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi hukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi au karatasi laini inayofyonza, angalau mara 3 kwa siku, kisha hutiwa matone aliyoandika mganga, kwa wiki 2. Mafuta ya kupikia na maziwa ya mama havimo. Kijiti cha pamba nacho husukuma uchafu ndani badala ya kuutoa.

Chumbani tunafanya jaribio la haraka tu: mmoja anamshughulisha mtoto kwa mbele, mwingine nyuma yake, pembeni, mahali asipoonekana, ananong'ona jina lake, kisha anagonga kijiko kwenye kikombe. Jihadhari na kivuli chako ukutani. Watoto viziwi wana macho makali, na tuliwahi kumpitisha mmoja kwa sababu aligeuka kila mara tulipoinua mkono. Jaribio hili haliwezi kusema mtoto anasikia vizuri, linaweza tu kukushtua. Wote wenye shaka hupewa rufaa ya kipimo kamili. Inapothibitika kwamba ni uziwi, mweleze mzazi njia zote, lugha ya alama ikiwa ya kwanza. Tabora ina shule ya viziwi tangu 1963, ya kwanza nchini. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, lakini upandikizaji una umri wake, na kila mwezi wa kusubiri una hasara.

Filimbi, puto na mirija vilikaa mezani kwetu miezi minne. Watoto walivipenda, wazazi waliona kazi inafanyika, sisi tukaona tunatibu. Hakuna sauti hata moja iliyobadilika. Sababu tuliielewa baadaye: ulimi hautamki k kwa nguvu, hutamka kwa mpango. Kupuliza puto kunafundisha kupuliza puto. Ukitaka mtoto atamke, zoezi lenyewe liwe ni kutamka. Hivyo hivyo kwa kisu. Kukata kimeo hakuleti usemi, kunaleta damu na maambukizi. Ngozi ya chini ya ulimi nayo ni nadra sana iwe ndiyo sababu ya mtoto kutosema kabisa. Mtoto akiweza kulamba mdomo wa juu na kutoa ulimi nje ya meno, achana na wembe.

Basi mazoezi yakoje? Chukua kosa tunalokutana nalo sana, la t kukaa mahali pa k: "tuku" kwa kuku, "tata" kwa kaka. Kwanza asikie tofauti. Weka picha mbili mezani, kaa la moto na taa, sema moja, aguse. Kisha koa na toa, koka na toka. (Jozi ya kiti tuliitumia siku moja tu. Msomaji atajua kwa nini.) Akigusa sawa mara 8 kati ya 10, ndipo umdai sauti. Mlaze chali mkekani, kichwa kikiwa kimeinama nyuma kidogo, ulimi utarudi wenyewe, umwambie akohoe taratibu au asukutue koo kwa tone la maji. Asipoweza, ncha ya ulimi ishikwe chini kwa mpini wa kijiko kisafi, yeye mwenyewe akishika. Ikitoka k, usikimbilie neno. Panda ngazi: sauti peke yake, kisha ka, ke, ki, ko, ku, kisha neno lenye k mwanzoni, kisha katikati kama paka na sukari, kisha kifungu, sentensi, na mwisho mazungumzo ya kawaida. Kila ngazi 8 kati ya 10, siku mbili mfululizo. Sisi tuliruka kutoka neno hadi mazungumzo, kwa hiyo tukawa na watoto wanaosema "kuku" vizuri sana mbele ya kadi na "tuku" uani.

Jozi nyingine tunazoziamini: saba na shaba, sindano na shindano, suka na shuka kwa wanaochanganya s na sh, pata na bata, fua na vua kwa wanaopoteza mtetemo wa koo. Fua na vua Kigoma ni dhahabu, kila mtoto wa ufukweni anajua mama anafua na baba anavua, na akikosea kicheko kinafundisha kuliko sisi.

Kioo kidogo ndicho kitu pekee cha sanduku lile kilichobaki na kazi yake. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa (paa la kinywa) lililopasuka, akashonwa, hushikiwa kioo chini ya pua, anaambiwa aseme "papa", "kaka", "dada kapika kuku". Kioo kikipata ukungu, hewa inatorokea puani. Usitumie "mama" wala "nani", maana m na n hupitia puani kwa kila mtu, na sisi tuliwahi kumrudisha mtoto kwa daktari wa upasuaji kwa ajili ya "mama" yake nzuri kabisa. Pia kioo kiondolewe kabla hajavuta pumzi, na kipoe kati ya jaribio moja na jingine. Wenye kaakaa ambalo bado liko wazi wasianzishiwe mazoezi ya kusukuma hewa. Wapelekwe kwanza wakashonwe, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam au kambi za upasuaji zinapokuja kanda hii. Wengi hushonwa mdomo wakiwa wachanga, familia ikaona uso umekuwa mzuri, kaakaa likasahaulika hadi mtoto anapoanza shule. Fungua mdomo, washa tochi, uangalie.

Kuna ushauri tuliowapa wazazi ambao bado unatuuma. Tulisema: acheni Kiha, ongeeni Kiswahili kitupu, mnamchanganya mtoto. Tulikuwa tumesikia hivyo na tukauamini. Si kweli. Lugha mbili hazisababishi mtoto kuchelewa kusema, na mwenye tatizo la lugha atakuwa nalo katika zote mbili. Matokeo ya ushauri wetu yalikuwa bibi anayekaa na mtoto kutwa nzima, asiye na Kiswahili cha kutosha, kunyamaza. Mtoto akapoteza msemaji wake mkuu. Tuliwafuata wazazi wale mmoja mmoja kuwaomba radhi, na wengine walikuwa wameshahama. Siku hizi tunahesabu maneno ya mtoto katika lugha zote za nyumbani, pamoja na Kirundi na Kiswahili cha Kongo kwa wenye asili hizo, kisha tunajumlisha.

Wagonjwa wa kiharusi walituzidi hesabu bila kutarajia. Mzee hawezi kusema, familia inaamini amerogwa au amerukwa na akili. Kazi ya kwanza ni kutenganisha mambo mawili: mdomo ulio mzito, ambao maneno yake ni sahihi ila yamelegea, na afasia, ambapo maneno yenyewe hayaji au hayaeleweki. Mpe amri bila kuonyesha kwa mkono: "fumba macho", "shika sikio". Mwambie ataje vitu vitano vilivyo mbele yake. Mwambie arudie sentensi. Fanya hivyo kwa Kiha na kwa Kiswahili, maana lugha moja inaweza kubaki kuliko nyingine. Asiyeweza kutaja jina la mkewe anaweza kuhesabu 1 hadi 10, kuimba, au kusali Baba Yetu au Al-Fatiha mwanzo hadi mwisho. Huo si uongo wala uchawi, ni njia nyingine ya ubongo. Familia waambiwe mapema, la sivyo watadhani anajifanya.

Ubao wa picha tuliwatengenezea: maji, chakula, choo, maumivu, dawa, kulala, simu, na sura za ndugu wa nyumbani, 12 tu kwa kuanzia. Ulishindwa kwa wengi, na sababu ilikuwa mahali ulipowekwa. Kiharusi cha ubongo wa kushoto, kinacholeta afasia, mara nyingi huziba uoni wa upande wa kulia. Sisi tulikuwa tunauweka kulia, mkono wa kawaida. Usogeze kushoto, picha zipangwe wima, mvalishe miwani yake, kisha umpe sekunde 10 kamili kabla ya kumsaidia. Sekunde 10 za kimya mbele ya mkwe ni ndefu mno. Hesabu kwa vidole chini ya meza.

Wengi wao hupaliwa pia. Kwa uzito wa vinywaji na vyakula kuna mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI, ngazi 0 hadi 7, na kipimo chake ni bomba la sindano la ml 10, bila sindano yenyewe. Toa msukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza uji hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba, soma kilichobaki. Chini ya ml 1 ni ngazi 0. Kati ya 1 na 4 ni ngazi 1, kati ya 4 na 8 ni ngazi 2, zaidi ya 8 ni ngazi 3, na kama hakuna kinachodondoka ni 4. Mabomba hayalingani. Pima kwa rula kutoka alama ya 0 hadi 10, lazima iwe milimita 61.5, la sivyo jibu ni la uongo. Uji uchujwe, donge dogo moja huziba tundu. Upime kwa joto atakalonywea, kwa sababu uji huganda ukipoa. Na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kwenye kikombe: mate huvunja wanga, na baada ya muda uji mzito unakuwa maji mkononi mwa muuguzi. Hili lilitusumbua wiki nzima tukimlaumu mpishi. Mgonjwa akae wima akila, na abaki wima dakika 30 baada ya kula. Asiyekohoa si lazima awe salama, wengine chakula huingia njia ya hewa kimyakimya. Sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, au homa ikijirudia, muite daktari. Usimpe kila mtu uji mzito kwa tahadhari, watakaushwa na kiu.

Kigugumizi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hakihitaji kabati. Usimwambie mtoto "tulia, vuta pumzi". Usimmalizie neno. Punguza mwendo wako wewe, na mpe dakika 5 kwa siku za kuzungumza bila ndugu zake kumkatiza.

Gharama. Kadi zetu 60 za sasa zilichorwa na kijana wa hapa mjini, tukachapa kadi nne kwa karatasi, kuchapa rangi na kulaminisha shilingi 1,500 kila karatasi, jumla 22,500. Zilizofunikwa kwa selotepu pana zilidumu miezi mitatu, kisha mate ya watoto yakaingia pembeni na rangi ikavuja. Toboa tundu pembeni, funga kwa kamba, zisitawanyike. Simu ya kawaida inatosha kurekodi: dakika 3 za mazungumzo ya kawaida siku ya kwanza, kwa ruhusa ya mzazi, kisha kila baada ya miezi 3. Bila hiyo utabishana na mzazi kama kuna mabadiliko, na kumbukumbu zenu wote wawili zitakuwa zinadanganya.

Gharama kubwa kuliko zote hatukuilipa sisi. Wa vijiji vya ufukweni vya Mwamgongo na Kagunga huja Kibirizi na boti za asubuhi na kurudi mchana. Sisi tulikuwa tunapanga miadi kwa kufuata alfabeti, na mama mwenye jina la W akifika zamu yake boti imeondoka, analala mjini kwa pesa ya kuazima, kwa ajili ya nusu saa ya kadi. Alipoacha kuja tuliandika "hana ushirikiano". Sasa wa ziwani wanaingia saa mbili, wa mjini, Gungu na Mwanga, wanasubiri. Kila mmoja anaondoka na kadi 5 na zoezi moja tu, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, na anayefundishwa zoezi ni yule anayeshinda na mtoto. Mara nyingi si mama, ni dada yake wa darasa la nne, kwa hiyo tunamwomba mwalimu ruhusa aje naye.